Kamba ya Mita 60: Hotuba ya Diwani kwa Wananchi wa Kata Yake, Mkoani Iringa

Ndugu Mwenyekiti wa mkutano, wenyeviti wa vijiji na vitongoji mliofika, Mtendaji wa Kata na watendaji wa vijiji, walimu, wauguzi wetu wa zahanati, viongozi wa dini, wazee wetu, akina mama mliokatisha palizi ya vinyungu, bustani zetu za bondeni za kiangazi, ili muwepo hapa, na vijana mliosimama kule nyuma karibu na pikipiki zenu: kamwene.

Nawashukuru kwa kutoka katika baridi hii ya Julai, ambayo leo alfajiri imeacha barafu nyembamba juu ya majani ya viazi, na ninajua kwamba wengine mmetembea zaidi ya saa moja kufika uwanja huu wa shule. Sitawachosha kwa maneno ya kupamba.

Wiki iliyopita mmoja wenu alinikuta dukani nikinunua sabuni, akanisalimu vizuri, akaniuliza taratibu lakini bila kuzunguka: "Mama Diwani, mwaka huu umetuletea nini?" Nilimjibu haraka haraka, nikataja madawati na kalavati, tukaachana. Swali lile lilinifuata hadi nyumbani, kwa sababu niliona kwamba mimi na yeye tulikuwa tumekubaliana pale dukani jambo ambalo si la kweli, yaani kwamba diwani ni mtu anayekwenda mahali fulani penye vitu, akarudi amebeba. Leo nataka nimjibu upya mbele yenu wote, na jibu langu ni refu kidogo.

Diwani hana ghala. Barabara zetu za wilaya zinahudumiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, na maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa maji, tangu ilipotungwa sheria ya mwaka 2019. Hao wote mimi siwaagizi, ninawafuata, na mara nyingine ninawafuata hadi wananichoka. Nilicho nacho mimi ni kiti cha uenyekiti katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambamo Mtendaji ndiye katibu, na kiti kimoja kati ya vingi katika Baraza la Madiwani linapokaa kila robo mwaka. Ibara ya 146 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema kwamba madhumuni ya kuwapo kwa Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Haisemi kupeleka madawati. Wazee waliopo hapa wanakumbuka kwamba mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa, mambo yakawa yanaendeshwa kutoka mikoani na wilayani, hadi ziliporudishwa mwaka 1984 kufuatia sheria zilizotungwa mwaka 1982. Hiyo miaka 12 ya katikati inatosha kutukumbusha kwamba mkutano kama huu wa leo uliwahi kukosa mahali pa kupeleka neno lake, na kwamba halmashauri si kitu kilichokuwapo tangu enzi kama mlima.

Pamoja na viti hivyo viwili nina hii kauntabuku ambayo wengi mmeniona nikitembea nayo. Kila ukurasa nimeugawa safu tatu. Safu ya kwanza naandika swali la mwananchi kama alivyolisema, kwa maneno yake. Ya pili naandika nimelipeleka kwa nani na tarehe gani. Ya tatu naandika jibu. Safu ya tatu ina nafasi nyingi nyeupe, na sioni aibu kuwaonyesha, kwa sababu nafasi nyeupe ndiyo kazi yangu ya mwezi ujao. Mtu akiniuliza nimefanya nini, afadhali aombe kuiona safu hiyo kuliko kuhesabu mabati.

Nianze na jambo lililokula muda wangu mwingi kuliko yote, ambalo halina jiwe la msingi wala utepe wa kukata, nalo ni lile la chanzo chetu cha maji na vinyungu vilivyokizunguka.

Mnakumbuka Septemba ya mwaka jana, kiangazi kilipokolea, bomba la hapa shuleni lilianza kutoa maji membamba kama uzi, na akina mama wakawa wanapanga ndoo tangu saa kumi alfajiri. Fundi wa chombo chetu cha watumia maji alipopanda hadi kwenye chanzo akakuta bomba halijaziba na tangi halivuji. Maji yenyewe ndiyo yalikuwa yamepungua. Juu ya chanzo, upande wa mteremko, kulikuwa na milingoti, yaani mikaratusi, iliyopandwa miaka mingi iliyopita na familia zilizokuwa zikitafuta nguzo na kuni za kuuza. Chini yake na pembeni, hadi karibu kabisa na maji, vilikuwapo vinyungu: mahindi mabichi, maboga, figiri, na viazi vichache. Sisi wote tumelelewa na vinyungu. Mahindi ya mlimani yanapokwisha ghalani, bondeni ndimo mnamotoka chakula cha kutufikisha kwenye mvua za Novemba, na mtu wa mbali anayeona pale uharibifu tu hajawahi kukaa na watoto mwezi wa Oktoba katika milima hii.

Kwa upande mwingine sheria ipo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maji mengine yanayolindwa, shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri uhifadhi wa eneo hilo. Na maji haya si yetu peke yetu. Mito mingi ya mkoa wetu inaingia Ruaha Mkuu, ambao maji yake ndiyo yanayozungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu, kwa hiyo kinachotendeka kwenye kijito chetu kinahesabiwa mbali sana na hapa.

Sasa nikiri kosa langu, maana wengine mnalijua na mmekuwa na adabu ya kutolisema mbele yangu. Kamati ya Maendeleo ya Kata ilipokaa, hoja iliyotolewa kwanza ilikuwa kwamba wenye vinyungu wapewe barua za siku 14, baada ya hapo mgambo wapite wakifyeka. Mimi niliikubali. Niliiona ni njia fupi, yenye sheria nyuma yake, na nilitaka nionekane diwani anayechukua hatua. Barua zikaandaliwa.

Jioni ya siku ile ile akaja nyumbani kwangu bibi mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa hakuja kutafuta sifa. Alikuwa na kikapu kidogo cha majani ya maboga na figiri, akakiweka mlangoni, akakataa kiti, akasema: "Mwanangu, mimi sikatai kuondoka kule bondeni. Ila uniambie mjukuu wangu mwezi wa kumi atakula nini pamoja na ugali." Akaaga, akaenda. Sikuwa na jibu, na swali lake ndilo lililoandikwa juu kabisa ya ukurasa uliofuata wa daftari hili.

Nawaombeni tukae kidogo kwenye swali la bibi yule, kwa sababu limebeba aibu ya mkoa mzima. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Iringa watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa walikuwa asilimia 56.9, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Njombe, ndugu zetu wa jirani, walikuwa na asilimia 50.4. Yaani mikoa inayopakia mahindi, viazi na maharage kwenye malori ya kwenda Dar es Salaam ndiyo yenye watoto wengi waliodumaa, na mtoto aliyedumaa, kama wauguzi wetu wanavyotufundisha, ni yule ambaye kimo chake ni kidogo kuliko umri wake kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu na maradhi ya mara kwa mara, hasa katika zile siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi mtoto afikishe miaka miwili. Haonekani mgonjwa. Anacheza, anakimbia, tunamwita mfupi wa ukoo. Tatizo letu si njaa ya tumbo tupu. Ni sahani yenye ugali mkubwa na mboga ya kuonjea, ni mayai tunayouza ili tununue sukari, ni maharage yanayotoka shambani kwenda kwenye gunia la mnunuzi bila kupita chunguni, na ni mama anayerudi shambani mtoto akiwa mchanga bado, akamwacha na uji mweupe wa mahindi na dada wa miaka saba.

Kwa hiyo nilipotazama zile barua za siku 14 mezani, niliona kwamba tulikuwa tunataka kuwapa watoto wetu maji kwa kuwanyang'anya mboga. Nikamwomba Mtendaji azizuie, tukaitisha kikao kingine, na safari hii tukakifanyia bondeni kwenyewe.

Tulikwenda na kamba ya manila. Fundi aliipima kwa futi yake, akafunga kitambaa chekundu kila baada ya mita 10, mpaka vikawa vitambaa 6. Mzee mmoja wa mazingira wa kijiji akashika ncha moja pale maji yanapochimbuka, na kijana akatembea na ncha ya pili kupanda mteremko, kisha kushuka, kisha pembeni kulia na kushoto, huku watu wote wakifuata na kuhesabu vitambaa kwa sauti. Lilikuwa jambo la kustaajabisha kidogo, kwa sababu miaka yote tumekuwa tukigombana kuhusu mita 60 bila hata mmoja wetu kuwahi kuziona zikiwa zimelala chini. Wapo waliodhani ni mbali sana, wakakuta vinyungu vyao viko nje ya kamba na hawana kosa. Wapo waliodhani wako salama, wakakuta milingoti yao yote imo ndani. Mmoja wa hao wa milingoti ni ndugu yangu wa damu, na nililisema pale pale, ili lisije likasemwa kwenye ulanzi kana kwamba nililificha.

Tulichokubaliana mbele ya watu wote, na muhtasari wake umebandikwa kwenye mbao za matangazo za vijiji, ni kwamba milingoti iondoke kwanza, kwa kuwa ndiyo ya kudumu na ndiyo inayokunywa maji mwaka mzima, na mwenye mti akate mwenyewe na auze mwenyewe. Vinyungu vilivyokuwa kwenye vitambaa viwili vya mwanzo, yaani mita 20 za karibu na maji, visilimwe tena, na wenye navyo wapewe sehemu kwenye eneo la kijiji lililo nje ya kamba, ambalo lilikuwa limekaa tu. Vilivyobaki ndani ya kamba vilimwe kiangazi kimoja cha mwisho, kiangazi hiki tulichomo sasa, bila mbolea ya chumvichumvi wala dawa ya kupulizia, kisha navyo vihame. Najua wapo wanaosema tulilegeza sheria. Ninachowajibu ni kwamba sheria ile ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 20 na bondeni kwetu haikuwa imetekelezwa hata mita moja, na leo kuna mita 20 zilizopandwa mivengi, miti yetu ya asili inayopenda maji, na hakuna mtu aliyeng'oa mche hata mmoja usiku. Mnajua vizuri kama mimi kwamba miche iliyopandwa kwa amri ya mgambo ingekuwa imeng'olewa.

Je, maji yamerudi? Bomba la shule linatoka vizuri hivi leo, lakini mvua za msimu uliopita zilikuwa nzuri pia, na sitasimama hapa kuwadanganya kwamba ni kazi ya mivengi ambayo bado inafika magotini. Kwa bahati mbaya hatukuwa na kipimo cha zamani cha kulinganishia. Tangu Januari, kila Jumatatu asubuhi, fundi anaweka ndoo ya lita 20 kwenye bomba la pale chanzoni, anatazama saa, na kuandika ndoo imejaa kwa sekunde ngapi. Septemba ijayo, kiangazi kitakapokaza, ndipo tutakapoanza kuwa na la kusema, na Septemba ya mwaka utakaofuata tutakuwa na la kulinganisha.

Jibu la swali la bibi lilitupeleka sehemu mbili, shuleni na kliniki.

Shuleni, tatizo lilianza na neno "bure". Tangu Januari 2016 elimu ya awali hadi kidato cha nne inatolewa bila ada, jambo jema kabisa, lakini wazazi wengi walielewa kwamba na chakula cha mchana cha mtoto wa kutwa kimo ndani yake, na hakimo. Matokeo yake watoto wa vitongoji vya mbali walikuwa wanashinda na njaa tangu asubuhi hadi saa tisa, halafu tunauliza kwa nini hawasomi. Tulikaa mikutano mitatu na wazazi. Katika mkutano wa kwanza nilizomewa, nami nilistahili kidogo, kwa kuwa nilikuja na kiwango cha mchango nilichokuwa nimekiamua na walimu kabla ya kuwasikiliza. Katika wa tatu wazazi wenyewe wakapanga: kila kaya itoe mahindi na maharage mara tu baada ya mavuno, wakati kila mtu anacho, na si Februari ghala likiwa tupu, asiye na shamba achangie kuni au siku za kupika, na kaya ambazo kitongoji chenyewe kinajua kuwa hazina kitu zisitajwe majina wala watoto wao wasitengwe wakati wa kugawa. Ghala la shule lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja uko kwa mwalimu, mwingine kwa mzazi aliyechaguliwa, na haiwezekani mmoja kufungua bila mwenzake. Makande yanapikwa siku tano kwa wiki. Nimekula pale mara kadhaa bila kutoa taarifa. Chumvi huzidi, ila maharage yamo kweli.

Kuhusu kliniki, ninapenda mjue kwamba halmashauri zote nchini zinatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya shughuli za lishe. Ni fedha ndogo, haifiki bei ya soda mbili, ndiyo maana ni rahisi kuisahau. Katika Baraza sijawahi kuuliza kiasi gani kimetengwa, kwa kuwa kutenga ni kuandika. Nimekuwa nikiuliza kiasi gani kimetoka na kimefanya nini. Mara ya kwanza nilijibiwa kwamba jibu litaletwa kwa maandishi. Mara ya pili likaja kweli, na likaonyesha kwamba sehemu ya fedha ilikuwa haijatoka. Baada ya hapo Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo inapaswa kufanyika kila robo mwaka, imefanyika kwetu robo mbili mfululizo, mizani imefika, na ubao wa kupimia kimo umefika. Naomba akina baba wanisikilize vizuri hapa. Nilihudhuria zote mbili, na katika foleni ile niliwaona akina baba watatu. Uji wa mtoto hauwezi kuwa na karanga kama mwenye fedha ya karanga hajawahi kusikia muuguzi anasema nini.

Niguse mikopo ya asilimia 10, kwa kuwa imeleta maneno. Fedha hizo zinatokana na mapato ya ndani ya halmashauri, nazo zimegawanywa kisheria: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Utaratibu ulisitishwa mwaka 2023 ili urekebishwe, ukarejeshwa mwaka 2024. Kazi ya kata ni kuhakiki vikundi kabla majina hayajapanda wilayani, na mwaka huu Kamati yetu ilikataa kupitisha baadhi. Kimojawapo kilijiandikisha kama kikundi cha ufugaji wa kuku. Tulipokwenda kukitembelea tulikuta banda zuri lenye kuku wa mtu mmoja, na wanachama wengine wawili tuliowauliza hawakujua hata jina la kikundi chao. Wahusika wamenuna, na wamesema nawabania maendeleo. Mimi ninasema fedha ile ni ushuru wa viazi vyenu, na mtu akiikopa kwa majina ya wenzake asiporejesha, watakaokosa awamu inayofuata ni akina mama wale wa kikundi cha ushonaji ambao wamekuwa wakirejesha kila mwezi tarehe ileile, wakija ofisini na stakabadhi ya benki iliyokunjwa mara nne ndani ya kanga.

Nikitaja viazi, siwezi kunyamazia lumbesa. Kisheria gunia la mazao lisizidi kilo 100, na kila mmoja wetu ameona gunia lililovishwa kofia ya nyavu na kushonwa hadi linakuwa na shingo na kichwa kama mtu. Tulimwomba Wakala wa Vipimo aje, alikuja, siku mbili mambo yalikuwa mazuri, akaondoka, lumbesa ikarudi. Ukweli ni kwamba hakuna ofisa atakayelala shambani kwa kila mkulima. Mnunuzi anatupata kwa sababu kila mmoja anauza peke yake, jioni, mvua ikitishia na lori limewasha injini. Vijiji viwili vimekubaliana kuuzia mahali pamoja penye mzani. Nimeweka swali lao la mzani kwenye daftari na jibu lake bado.

Barabara ya kwenda kitongoji cha juu imechongwa, kalavati mbili zimewekwa, ya tatu imeandikwa kwenye bajeti. Basi.

Nimalizie na boma la zahanati, kwa sababu hilo ndilo deni langu kubwa kwenu. Wananchi wa kijiji kile walichanga, wakafyatua tofali, wakapandisha kuta hadi kwenye lenta kwa nguvu zao wenyewe, wakiamini kama ilivyo kawaida kwamba serikali itapaua. Sera ya zahanati kwa kila kijiji wanaijua tangu ule mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007. Katika mkutano wa hadhara, katika joto la makofi, niliwaahidi kwamba kabla ya mvua bati litakuwa juu. Sikuwa na karatasi yoyote mkononi iliyoniruhusu kusema hivyo. Mvua zimenyesha, kuta zimelowa, tofali za upande wa magharibi zimeanza kumomonyoka, na juzi nilikuta mbuzi wamejihifadhi katika chumba ambacho mchoro unasema ni cha kujifungulia. Nimeuliza Barazani mara tatu, na majibu yote matatu yameandikwa humu na tarehe zake. La mwisho linasema boma letu limo kwenye orodha ya maboma yatakayokamilishwa, bila kusema ni la ngapi. Nimeomba kwa barua tuambiwe ni la ngapi. Kwa sasa nimekubaliana na serikali ya kijiji tufunike vichwa vya kuta kwa nailoni na mabati machakavu kabla ya Novemba, na kazi hiyo ni Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi; mimi nitakuja na nailoni, kijiji kije na nyundo na misumari. Tarehe ya kupaua sitaitaja leo, hata mkinipigia makofi.

Yule ndugu wa dukani namwona, amekaa chini ya mti. Nadhani sasa amepata jibu, ingawa si lile alilolitarajia: sehemu kubwa ya mwaka wangu niliitumia bondeni na kwenye vikao, kati ya watu ambao wote walikuwa na haki, nikitafuta pa kusimama pasipomkanyaga mmoja.

Ndugu Mwenyekiti, Mtendaji ana taarifa ya mapato na matumizi ya robo hii, na ninamwomba aisome yote, pamoja na mistari midogo, polepole, ili wazee wasikie. Kisha ni zamu ya maswali, nami nitayaandika. Ile kamba ya manila iko hapa mezani na vitambaa vyake sita. Ambaye bado ana shaka na vipimo vyetu aje na futi yake, tuinyooshe hapa uwanjani kabla hatujatawanyika.